"You": neno la wengi lililommeza mmoja

Anayejifunza Kiingereza huku Kiswahili kikiwa lugha yake ya kwanza hukutana mapema na jambo linalomtatiza, ingawa walimu wengi hulipita haraka: neno "you" hufanya kazi ya "wewe" na ya "ninyi" kwa pamoja, na kitenzi kinacholifuata hakibadiliki kwa idadi ya wanaoambiwa. Kiswahili hakimwachii msemaji nafasi ya kukwepa uamuzi huo, kwa kuwa hata asipotamka kiwakilishi, kitenzi chenyewe hutaja anayeambiwa, ama "umefika" ama "mmefika". Darasani husemwa kwamba "you" ni "wewe", kisha huongezwa kwamba neno hilohilo hutumika pia kwa wengi. Historia inasema kinyume chake. "You" ni "ninyi", tena "ninyi" anayetendewa jambo, na mtu mmoja aliingizwa humo baadaye, kwanza kwa heshima, kisha kwa mazoea.

Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza kuanzia takriban karne ya 5 hadi miaka ya baada ya uvamizi wa 1066 wa Wanormandi, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, nafsi ya pili ilikuwa na maumbo ambayo mzungumzaji wa leo hawezi kuyatambua bila kufundishwa. Mtu mmoja aliitwa "þū" alipokuwa mtenda na "þē" alipokuwa mtendwa. Herufi hiyo ya kwanza, iliyoitwa "thorn", husomwa kama "th" ya "thamani". Watu wengi waliitwa "gē" walipotenda, g hiyo ikitamkwa kama y, na "ēow" walipotendewa. Kati ya mmoja na wengi palikuwa pia na umbo la watu wawili tu, "git" kwa watenda na "inc" kwa watendwa, umbo lililofifia polepole hadi likatoweka katika karne ya 13. Yaliyobaki yakapata sura tunazozikuta katika maandiko ya zamani: "thou" na "thee" kwa mmoja, "ye" na "you" kwa wengi. Kwa hiyo aliyetaka kuwaambia wenzake "mnaniona" alisema "ye see me", na aliyetaka kuwaambia "nawaona" alisema "I see you". Kugeuza mpangilio huo na kusema "you see me" lilikuwa kosa la sarufi.

"Thou" lina ndugu wengi. "Du" ya Kijerumani, "tu" ya Kilatini na Kifaransa na "ty" ya Kirusi zimetoka katika shina moja nalo, lile la lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, na Kijerumani, Kifaransa na Kirusi vimelihifadhi hadi leo katika mazungumzo ya kila siku. Kiingereza sanifu ndicho kilicholiachia, na hapo ndipo penye fumbo la neno hili, maana lugha haina kawaida ya kupoteza namna ya kumwita mtu mmoja.

Kabla ya kulifuata fumbo hilo, inafaa kuondoa utata mmoja mdogo. Wengi wameona mabango ya maduka na mikahawa yenye maneno "Ye Olde", wakadhani kwamba "ye" hiyo ndiyo hii ya "ninyi". Sivyo. Uchapaji ulipoingia Uingereza, ambako William Caxton alianzisha karakana yake Westminster mwaka 1476, herufi za chuma zilizotoka bara la Ulaya hazikuwa na "thorn", na wachapaji wakaiweka y mahali pake kwa sababu katika mwandiko wa wakati ule herufi hizo mbili zilifanana. "Ye" ya mabango ni "the" iliyovaa herufi isiyo yake, na ilipaswa kusomwa kama "the".

Fumbo lenyewe linaanza na adabu. Katika Kilatini cha watawala, na baadaye katika Kifaransa, ulikuwepo utaratibu wa kumwita mkubwa kwa wingi, "vos" kwa Kilatini na "vous" kwa Kifaransa, kana kwamba mamlaka yake yanamfanya kuwa zaidi ya mtu mmoja. Baada ya 1066 tabaka la juu la Uingereza lilisema Kifaransa kwa vizazi kadhaa, na kufikia karne ya 13 utaratibu huo ulikuwa umeanza kuingia katika Kiingereza. Mtumishi alimwambia bwana wake "ye" na "you", naye bwana akamjibu kwa "thou". Mtoto alimwambia mzazi "you", mzazi akamwambia mtoto "thou". Watu wa tabaka la juu waliambiana "you", watu wa chini waliambiana "thou", na Mungu, ambaye kwa mantiki ya vyeo angestahili wingi kuliko wote, aliendelea kuitwa "thou", kwa sababu maombi yalibaki na umoja ule ule wa Kilatini cha Kanisa na kwa sababu hakuna aliyetaka kumwomba kana kwamba ni wengi.

Lingekuwa jambo rahisi kama mambo yangeishia kwenye vyeo. Lakini pale palipo na chaguo kati ya maneno mawili, hisia nazo huingia. Rafiki wa karibu aliweza kuitwa "thou" kwa upendo, na aliyekasirikiwa akaitwa "thou" kwa dharau, hata kama jana yake alikuwa "you". Watunzi wa tamthilia walilijua hilo vizuri. Katika "Hamlet" ya Shakespeare, Malkia Gertrude anamkaripia mwanawe akitumia "thou", kama mama anavyoweza kumwambia mtoto, kwamba amemkosea sana baba yake, akimaanisha baba wa kambo. Hamlet anamrudishia sentensi ileile karibu neno kwa neno, ila anabadilisha "thou" kuwa "you", naye akimaanisha baba aliyefariki. Kwa kiwakilishi kimoja mtoto amejitoa katika ukaribu wa mama, na jibu la mama linalofuata linaonyesha kwamba ujumbe umefika, kwa kuwa naye sasa anasema "you". Mfasiri wa Kiswahili akiandika "wewe" kote, ukuta huo unaojengwa kati ya watu wawili hauonekani. Ili auonyeshe itambidi autafute mahali pengine, pengine kwa kumfanya Gertrude aseme "mwanangu" mwanzoni na kuliacha neno hilo baadaye, maana Kiswahili huweka heshima na ukaribu wake zaidi katika majina ya ukoo, salamu na namna ya kuomba kuliko katika viwakilishi.

Nje ya jukwaa, mfano unaotajwa sana ni wa mahakamani. Mwezi Novemba 1603, mjini Winchester, Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini, na mwanasheria mkuu wa serikali, Sir Edward Coke, aliposhikwa na hasira alimgeukia mshtakiwa, akamwita nyoka, kisha akatamka kwamba anamwita "thou", naye ni msaliti. Coke alilitumia "thou" kama kitenzi, kitendo cha kumshushia mtu hadhi mbele ya watu, na Raleigh alikuwa mtu mwenye cheo ambaye hakuzoea kuitwa hivyo hadharani. Kifaransa bado kina kitenzi cha namna hiyo, "tutoyer", na Kijerumani kina "duzen".

Nusu karne baadaye palitokea watu waliofanya kinyume, yaani waliomwita kila mtu "thou" pasipo hasira yoyote. Hao ni Jumuiya ya Marafiki, wanaojulikana zaidi kama Quaker, walioanza kukusanyika katika miaka ya kuzunguka 1650 wakiongozwa na George Fox. Hoja yao ilikuwa ya dini na ya sarufi kwa wakati mmoja: mtu mmoja ni mmoja, kumwita kwa wingi ni uongo, na uongo huo ni kujipendekeza kwa wakubwa. Mwaka 1660 Fox na wenzake walichapisha kitabu kizima cha kuthibitisha hoja hiyo kwa mifano ya lugha nyingi. Mahakimu na matajiri, waliozoea "you" pamoja na kuvuliwa kofia, waliona katika neno hilo dogo tusi la makusudi. Kwa mtazamo wangu Fox alikuwa na haki upande wa sarufi, lakini alikuwa akipigania vita ambavyo jamii ilikwisha kuviamua. Zaidi ya hapo, baada ya muda Quaker wenyewe walisahau kanuni waliyoitetea, wakaanza kutumia "thee", umbo la mtendwa, mahali pa mtenda, na kulipa kitenzi cha nafsi ya tatu, hadi wakasema "thee is".

Sababu iliyoiua "thou" si ngumu kuielewa ukiifikiria kwa upande wa msemaji. Anayekutana na mtu asiyemjua, na asiyejua cheo chake, ana njia mbili: kumwita "thou" na kujitia katika hatari ya kumtukana, au kumwita "you" na kupoteza si zaidi ya heshima kidogo aliyoitoa bure. Miji ilipokua na wageni kuzidi kukutana na wageni, njia ya pili ilichaguliwa mara nyingi zaidi, na kila ilipochaguliwa, "thou" ilizidi kunuka dharau, jambo lililowafanya watu wazidi kuikwepa. Kufikia mwisho wa karne ya 17 ilikuwa imetoka katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza sanifu. Vijijini ilidumu zaidi, na katika lahaja za Yorkshire kaskazini mwa Uingereza umbo lake "tha" bado linasikika, pamoja na onyo la zamani linalomkataza mdogo kuwaita hivyo wale wanaomwita hivyo yeye.

Wakati huohuo mpaka kati ya "ye" na "you" nao ulikuwa ukibomoka. Katika matamshi ya haraka maneno hayo mawili hayakutofautika vizuri, na katika karne ya 16 watu walianza kusema "you" hata mahali pa mtenda. Kufikia miaka ya 1600 "ye" ilikuwa inaachwa. Umbo moja kati ya manne, lile lililokuwa la wengi tena la mtendwa, likachukua kazi za wenzake wote watatu.

Jambo hilo liliacha alama katika kitenzi. Kwa kuwa "you" ni la wingi, kitenzi chake ni cha wingi, na ndiyo maana mtu mmoja huambiwa "you are" wala si "you is". Vitenzi vya "thou", vile vyenye miisho ya "-st" kama "thou goest", vikazikwa pamoja nalo. Katika karne ya 18 wasemaji wengi walijaribu kurekebisha mambo kwa kusema "you was" kwa mmoja na "you were" kwa wengi, mgawanyo ambao ungeirudishia lugha kile ilichopoteza. Askofu Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi cha 1762, aliukemea kama kosa. Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, aliutetea. Wenye shule walimfuata Lowth. Nadhani Webster ndiye aliyekuwa na akili ya lugha katika ubishi huo, maana alisikiliza watu wanavyosema na akaona faida ya wanachokifanya.

Mahali ambapo mfumo wa zamani ulihifadhiwa kwa uaminifu ni katika Biblia ya Mfalme James ya 1611. William Tyndale, aliyetoa Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, alitumia "thou" kwa mmoja na "ye" kwa wengi bila kujali vyeo, kwa sababu Kigiriki alichokuwa akikifasiri hutofautisha idadi, na wafasiri wa 1611 wakaufuata mtindo wake hata baada ya mazungumzo ya watu kuanza kuuacha. Faida yake inaonekana katika Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "you", kisha kwamba yeye amemwombea "thee". Wa kwanza ni mitume wote, wa pili ni Simoni peke yake. Katika tafsiri nyingi za Kiingereza cha sasa pande zote mbili ni "you", na msomaji asiye na maelezo ya pembeni hudhani kwamba Shetani alimtaka Simoni tu. Msomaji wa Kiswahili hana tatizo hilo, kwani Biblia yake inasema "amewataka ninyi" na "nimekuombea wewe".

Biblia hiyo na vitabu vya sala vilileta tokeo lingine lisilotarajiwa. Kwa kuwa "thou" ilibaki kusikika kanisani tu, watu wakaanza kuihisi kuwa neno tukufu, la kuogofya, linalostahili Mungu na mashairi. Leo mzungumzaji wa Kiingereza anayetaka kuigiza heshima ya kale husema "thou", bila kujua kwamba anamwita mkubwa wake kwa neno lililokuwa la watoto, watumishi, wapenzi na watu wa kugombana nao.

Pengo lililoachwa halikuwatosheleza wasemaji, na tangu hapo wamekuwa wakiliziba kila mahali kwa namna yao. Wa kusini mwa Marekani waliunganisha "you" na "all" wakapata "y'all", neno ambalo Wamarekani weusi waliohamia miji ya kaskazini katika karne ya 20 walilieneza mbali zaidi ya kusini. Waairishi, ambao lugha yao ya asili ina umbo la pekee la wingi, waliongeza alama ya wingi wakasema "youse", nalo likasafiri na wahamiaji hadi Scotland, Liverpool, Marekani na Australia; sehemu nyingine za Ireland zilibaki na "ye" ileile ya kale. Pittsburgh kuna "yinz", iliyotokana na "you ones". Kilichoenea kuliko vyote ni "you guys", na asili yake ni ya kuchekesha kidogo: Guy Fawkes alikamatwa 1605 katika njama ya kulipua Bunge, sanamu zake zilizochomwa kila mwaka zikaitwa "guys", jina hilo likapewa mtu aliyevaa ovyo, Marekani likawa jina la mwanamume yeyote, na hatimaye likawa namna ya kuwaita watu wote, wanawake wakiwamo, jambo ambalo wengine wao hawalifurahii.

Lugha zilizozaliwa na Kiingereza katika biashara na mashamba zilikwenda mbali zaidi. Jamaika ilichukua "unu" kutoka Kiigbo ili kupata "ninyi". Tok Pisin ya Papua New Guinea ina "yu" kwa mmoja, "yutupela" kwa wawili, "yutripela" kwa watatu na "yupela" kwa wengi, kwa hiyo ule uwili uliopotea katika karne ya 13 umerudi, umejengwa upya kwa matofali ya Kiingereza chenyewe, kwa kufuata mantiki ya lugha za Melanesia.

Yote hayo yanahusu anayeambiwa. Lakini kuna "you" ambayo haimwambii mtu yeyote. Anayesema "you never know" hamaanishi kwamba msikilizaji ndiye asiyejua. Anasema kwamba hakuna ajuaye. Kiswahili kina matumizi hayohayo, na methali zake zimejaa: "ukiona vyaelea, vimeundwa" haimwelekei mtu fulani aliyesimama ufukweni. Tofauti ni kwamba katika Kiingereza matumizi haya hushindana na "one", ambalo kwa masikio ya wengi lina kiburi, na hivyo "you" hushinda karibu kila mahali isipokuwa katika maandishi rasmi sana. Hapo hutokea utata wa kweli, hasa mtu anaposimulia jambo chungu lililompata mwenyewe kwa kusema "you feel ashamed": anajitaja yeye, lakini kwa neno linalomhusisha msikilizaji na kumfunika yeye mwenyewe.

Wauza bidhaa na waandikishaji wa jeshi waliuona utamu wa utata huu zamani. Bango la mwaka 1917 la James Montgomery Flagg, ambamo Uncle Sam, mzee wa kubuni anayeiwakilisha Marekani, anamnyooshea kidole mtazamaji na kusema anamtaka "YOU" jeshini, linafanya kazi kwa sababu neno hilo linawalenga mamilioni na bado kila mmoja analisikia kama lake. Toleo la Kiswahili lingelazimika kuchagua: "nakutaka" lingepoteza umati, "nawataka" lingepoteza kidole. Gazeti la Time lilifanya mchezo huohuo 2006 lilipomtangaza "You" kuwa mtu wa mwaka na kuweka kitu mfano wa kioo kwenye jalada.

Kwa mfasiri, basi, swali la "you" huamuliwa na muktadha mzima wala si na neno lenyewe. Kiingereza kimebakiza kidokezo kimoja cha uhakika, nacho ni virejeshi: "yourself" ni mmoja, "yourselves" ni wengi, na kikitokea kimoja wapo katika aya, maswali mengi hujibika. Mikataba na hati za bima mara nyingi huanza kwa kueleza "you" ni nani, na fasili hiyo inafaa kusomwa kabla ya kuandika hata kitenzi kimoja, kwa kuwa humo "you" huweza kuwa kampuni, na wakati huo si "u-" wala si "m-" inayofaa, bali jina kamili la upande unaohusika. Barua zinazoanza kwa kumtaja mtu mmoja kisha zikasema "all of you" huhitaji kuhama kutoka umoja hadi wingi katikati. Maandishi ya programu za kompyuta huelekea umoja, kwa kuwa kwenye skrini hukaa mtu mmoja. Na "goodbye", ambayo watu huiandika "kwaheri" bila kusita, ina "ye" ndani yake: asili yake ni "God be with ye", Mungu awe nanyi, hata kama anayeagwa ni mmoja.